Chema Nacho Hutembezwa: Adabu ya Kuuziana Vitu Vilivyokwisha Tumika

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeisikia tangu utoto, na akina mama wengi huitumia kama mizani wanapokwenda sokoni. Mtu akikufuata na kitu mkononi, akikusihi ukinunue, moyo hukwambia mara moja kwamba kitu hicho kina ila. Mimi sina nia ya kuwakosoa wahenga. Hata hivyo, kwa miaka niliyoishi hapa Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, nikiitafuta riziki yangu kwa kushona nguo, nimepaona mahali ambapo chema nacho hutembezwa juani. Hakitembezwi kwa kuwa ni kibaya, bali kwa kuwa mwenyewe hana muda wa kungoja. Mahali hapo ni Dzaleka.

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, mwendo wa kilometa 40 na zaidi kutoka Lilongwe. Wakati wa utawala wa Dk. Hastings Kamuzu Banda palikuwa gereza lililoogopwa sana. Mwaka 1994 pakafanywa makao ya watu waliokimbia vita na mauaji katika Rwanda, Burundi na nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wamepita 50,000. Mtanzania akifika hapo hajioni mgeni kabisa, kwani Kiswahili ndicho kinachosikika sokoni na kwenye vibaraza vya mafundi, ingawa ni Kiswahili chenye ladha ya Uvira, Bukavu na Bujumbura.

Katika vibaraza hivyo ndipo mimi huenda, maana huko kuna mafundi cherehani hodari na kuna cherehani za kuuzwa. Mtu akipata habari kwamba amekubaliwa kuhamia Kanada au Marekani, hawezi kuondoka na meza ya chuma yenye kanyagio. Huiuza. Vivyo hivyo, mwezi Machi 2023 serikali ya Malawi ilipoagiza kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na mwezi Mei polisi walipoanza kuwakusanya, watu wengi walilazimika kuuza bidhaa na vyombo vyao kwa haraka. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, hapo mwaka 1987, iliweka masharti yake, yakiwamo ya kazi na mahali pa kukaa. Mambo ya sheria hiyo nawaachia wanaoyajua. Ninalotaka kulizungumza ni lile linalobaki mikononi mwetu sisi watu wa kawaida: je, tunaponunua na kuuza vitu vilivyokwisha tumika, haki ni ipi, na adabu ni ipi?

Nianze na muuzaji. Ziko kasoro za aina mbili. Kuna zile ambazo kila mwenye macho huziona: rangi iliyobanduka, meza iliyochanika, mkanda wa ngozi uliolegea. Hizo muuzaji hana haja ya kuzihubiri. Lakini ziko kasoro zilizofichika, ambazo mwenye kitu huzijua kwa sababu ameishi nacho. Cherehani inaweza kushona khaki vizuri sana mbele ya mnunuzi, na kesho yake ikaruka mishono kwenye kitambaa chepesi, kwa kuwa kidude cha chini kinachoushika uzi wa sindano kimelika. Inaweza kwenda kimya kwa dakika kumi baada ya kutiwa mafuta, kisha ikaanza kulalamika. Meno yanayosukuma kitambaa yanaweza kuwa yamesagika hata nguo ikabidi kuvutwa kwa mkono. Mambo haya mnunuzi hawezi kuyajua katika nusu saa ya kujaribu. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, muuzaji anapaswa kuyasema bila kuulizwa.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu wa hapa Lilongwe, ni mpenzi wa kalamu za wino za zamani. Huuziana na kubadilishana na wapenzi wenzake walio nchi za mbali, ambao hawajapata kuonana nao uso kwa uso, isipokuwa kwa picha na barua. Alinieleza kwamba kati yao kanuni ni moja tu: picha haisemi, kwa hiyo mwenye kalamu aseme. Kalamu ya Parker inaweza kung'aa kama mpya, kumbe mfuko wa mpira wa ndani umeoza na haunyonyi wino. Ncha inaweza kuwa ilipinda ikanyoshwa, au imeondolewa na kutiwa nyingine isiyo yake. Hata jina la mtu lililochorwa kwenye mwili wa kalamu yafaa litajwe, kwani wako wasiolitaka. Anayeficha mara moja, wenzake hawanunui kwake tena. Nilipomsikiliza niliona kwamba kalamu na cherehani ni ndugu: vyote viwili hujizoesha mkono wa mwenyewe, na siri zake anazijua yeye.

Mtu anaweza kuuliza: Je, sheria hainilazimishi mnunuzi kufumbua macho yangu mwenyewe? Ni kweli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo ndiyo iliyoigwa katika nchi zetu nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, ilimtaka mnunuzi ajihadhari. Mtu asiye mfanyabiashara wa cherehani, akiuza ile yake moja, hakubebeshwa mzigo mkubwa ila asiseme uongo. Lakini sheria ni sakafu ya nyumba. Haiwezi kuwa kuta na dari pia. Mwanafalsafa wa Kirumi, Cicero, katika kitabu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alilijadili jambo hili hili. Alitoa mfano wa mtu anayeuza nyumba huku akijua kwamba ina maradhi yasiyojulikana na wengine. Mmoja husema: hakumlazimisha mtu kununua. Mwingine hujibu kwamba kumwacha mwenzio aingie hasarani hali unamwona ni kama kumwona aliyepotea njia ukakataa kumwonyesha. Cicero alimwunga mkono huyu wa pili. Katika pwani yetu, wanaofuata sheria ya Kiislamu wanajua hiari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, na wanajua pia kwamba watu wawili wanaweza kupatana muda wa kujaribu, ambao kwa madhehebu ya Shafi hauzidi siku tatu. Ni kanuni nzuri kwa mtu wa dini yoyote. Mpe mnunuzi siku tatu ashone. Ikishindikana, mrudishie fedha zake bila maneno.

Zaidi ya hayo, ukweli una faida ya fedha. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Maelezo yake si magumu. Wanunuzi wasipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima huona amepunjwa, akaliondoa sokoni. Wanabaki wenye mabovu, bei huzidi kushuka, na mwisho hakuna anayemwamini mwenziwe. Badilisha gari uweke cherehani, utaona kwamba mwongo mmoja katika kibaraza huwaibia mafundi wote wa kibaraza kile.

Mimi nina ushahidi wake. Cherehani ninayoitumia leo niliinunua Dzaleka kwa mama mmoja Mkongo. Kabla sijakaa kwenye kiti aliniambia, "Mama, mashini hii nzuri, lakini kitambaa chepesi inakiruka. Kwa hiyo nilikuwa nikishonea sare za watoto tu." Nikamwambia, "Dada, ahsante kwa kunieleza. Basi tupatane kwa hesabu hiyo." Tukapunguza gharama ya kutengeneza, nikampelekea fundi, na mpaka leo inashona hata hariri. Faida haikuwa yangu peke yangu. Tangu siku ile niliwapeleka kwake wateja wengine, nao wakanunua pasi yake, meza zake na vitambaa vyake bila kusumbuana, kwa sababu neno lake lilikuwa limekwisha pimwa.

Sasa tuje kwa mnunuzi, ambaye aghalabu hujiona hana wajibu wowote ila kulipa. Hilo si kweli. Kwanza, asikitukane kitu ambacho atakisifu akifika nyumbani. Tabia hii ni ya kale sana. Hata katika Mithali za Biblia ametajwa mnunuzi anayesema kitu ni kibaya, kisha huenda zake akijisifu. Kupunguza bei si dhambi, bali ni sehemu ya mazungumzo ya soko. Lakini iko tofauti kati ya kusema "uwezo wangu ni huu" na kusema "takataka hii nani atainunua". La kwanza ni ukweli juu ya mfuko wako. La pili ni uongo juu ya mali ya mwenzio, na kwa mtu aliyekwisha pokonywa mengi maishani, ni jeraha pia.

Pili, aliyetangulia atangulie. Mtu akisema "nimeichukua" naye muuzaji akakubali, mwingine asije na noti za ziada kuivunja ahadi. Na yule aliyesema "nimeichukua" aichukue kweli. Namjua bwana mmoja aliyemwekesha jirani yangu cherehani siku kumi kwa maneno matupu, akiwafanya wanunuzi watatu wafukuzwe mlangoni. Siku ya kumi na moja alisema amebadili nia. Mwenye cherehani alibakiwa na siku mbili za kusafiri, akaitoa kwa bei ya chuma chakavu. Huyu bwana hakuiba hata sindano, lakini hasara aliyoileta ni kubwa kuliko ya mwizi wa sindano. Ahadi ni deni. Anayetaka kuwekewa atoe arubuni, na siku ya mwisho itajwe.

Tatu, bei ya kindugu iheshimiwe. Wakati mwingine fundi anayeondoka humwuzia mwanafunzi wake cherehani kwa nusu ya thamani ili aanze maisha. Mwanafunzi yule akiipeleka Lilongwe wiki ile ile na kuiuza kwa bei kamili, hakuvunja sheria yoyote. Amevunja kitu kingine: amechukua zawadi akaigeuza bidhaa kabla mtoaji hajafika uwanja wa ndege. Kama ni lazima auze, yafaa amwarifu aliyempa, wagawane faida au amwombe ruhusa.

Nne, mnunuzi aulize kitu kilitoka wapi. Baadhi ya cherehani za kambini hutolewa na mashirika kwa vikundi vya akina mama, na mali ya kikundi haiwezi kuuzwa na mtu mmoja. Kuuliza si ujinga, na muuzaji mwaminifu hakasiriki kuulizwa.

Nimefika sasa kwenye swali zito kuliko yote: bei ya mtu mwenye haraka. Tuseme cherehani ingepata kwacha 200,000 kama mwenyewe angekuwa na miezi mitatu ya kungoja. Ana siku nane. Wewe wajua ana siku nane. Utampa ngapi?

Wako wanaosema: soko ndilo linaloamua, kama atakubali 60,000, basi thamani yake ni 60,000. Tena husema, nami nakiri kuna uzito katika hoja hii, kwamba mnunuzi naye ni maskini, pengine ni mkimbizi mwenzake au mkulima wa vijiji vya Dowa ambaye hajawahi kuwa na cherehani maishani. Isitoshe, watu wengi wakiuza kwa pamoja, vitu hujaa, na bei kushuka ni jambo la kawaida kama mahindi yanavyoshuka wakati wa mavuno. Na anayenunua kwa fedha taslimu, bila muda wa kujaribu, bila muuzaji wa kumrudia, amejitwisha hatari. Ni haki hatari hiyo ilipwe.

Nakubaliana na hayo yote, ila nauona mpaka. Punguzo la haki ni lile linalolipia kitu fulani: hatari uliyoichukua, nauli ya kuibeba, matengenezo, na siku utakazongoja kama unakusudia kuiuza. Ukizihesabu gharama hizo ukafika 130,000 au 140,000, umenunua. Lakini kila shilingi unayoipunguza baada ya hapo haikulipia chochote ila hofu ya mwenzio, na hofu ile hukuiumba wewe wala hukuisababisha, umeikuta tu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini anaweza kuhesabu. Kipimo changu ni chepesi: baada ya kupatana, jiulize kama ungeweza kumweleza muuzaji, mbele ya watu, jinsi ulivyoifikia bei ile. Kama ungeona haya, ongeza.

Iko pia njia nyingine iliyo bora kuliko kununua kwa bei ya kukimbia. Jirani anayebaki anaweza kuwekewa amana. Cherehani ikae kwake, aiuze polepole kwa bei yake halisi, achukue ujira waliopatana, na kilichobaki akipeleke kwa mwenyewe au kwa ndugu yake aliyebaki kambini, kwa njia ya simu. Hapa lazima niwakumbushe wasomaji kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Udugu bila maandishi huzaa ugomvi, hasa fedha zinapobadilika thamani. Tarehe 9 Novemba 2023, Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha. Dola moja iliyokuwa karibu kwacha 1,180 ikawa kwacha 1,700. Kwa hesabu hiyo, kwacha 200,000 zilizokuwa dola 169 hivi zikawa dola 118 hivi kwa usiku mmoja. Je, hasara hiyo ni ya nani? Naona hivi: kama cherehani ilikuwa haijauzwa, bei ipangwe upya. Kama ilikuwa imeuzwa na fedha zimepelekwa kwa wakati, hakuna wa kulaumiwa. Lakini kama mwekewa amana alizikalia fedha mwezi mzima akizizungusha katika biashara yake, hasara ni yake, naye afidie. Mambo haya yaandikwe kabla ya safari, wakati bado watu wanakunywa chai pamoja.

Cheti chenyewe hakihitaji wakili. Ukurasa mmoja wa daftari watosha. Andikeni tarehe, majina ya wote wawili, na namba ya cherehani. Katika Singer za zamani namba hiyo hupigwa kwenye chuma, na kwa kuifuata waweza kujua mwaka iliotengenezwa. Ikiwa ni ya kiwanda cha Clydebank, Scotland, basi jueni imepita miaka 40, kwani kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980. Andikeni kasoro zilizotajwa na bei iliyopatanwa. Andikeni siku za kujaribu. Shahidi mmoja atie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala yake. Siku hizi wengi huipiga picha karatasi hiyo kwa simu, nalo ni jambo jema, ila karatasi isitupwe.

Kwa msomaji anayekwenda kununua cherehani iliyotumika, popote awe, kambini au mjini, nampa pia maneno machache ya kazi. Chukua vitambaa vyako mwenyewe, kimoja chepesi na kimoja kizito, pamoja na sindano mpya, maana sindano iliyopinda huweza kuisingizia cherehani nzima. Zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kukanyaga, usikilize. Utazame mshono wa juu na wa chini. Yote miwili ilingane. Usiikimbilie ya bei ndogo kupita zote, kwani rahisi huvunja upishi. Na ukiona kasoro, iseme kwa upole ili ipunguzwe kwa hesabu, usiisubiri kama mtego wa kumnasa mwenye mali dakika ya mwisho.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo mbele ya shida kubwa za watu wasio na kwao. Sivyo. Mtu anayeondoka Dzaleka baada ya miaka mingi hubeba begi moja na bei aliyopata kwa kazi ya mikono yake. Bei hiyo ndiyo itakayomnunulia mtoto koti katika nchi ya baridi, au itakayomwachia mama mzee chakula cha miezi michache. Sisi tunaobaki, wenyeji na wageni, hatuna uwezo wa kumpa nchi wala wa kufuta amri iliyokwisha tolewa. Uwezo tulio nao ni wa kusema kweli juu ya kasoro, kutimiza ahadi ya kununua, na kulipa kile tunachoweza kukieleza mbele ya watu. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo.